Njia ya Miguu Nayo ni Njia

Kila panapozungumzwa habari ya njia katika Mkoa wetu wa Pwani, fikra za wengi hukimbilia lami. Hatusemi kwamba hilo ni kosa. Mtu anayekumbuka jinsi magari yalivyokuwa yakinasa matopeni wakati wa masika baina ya Mkuranga na Kibiti, na jinsi abiria walivyokuwa wakikesha Ndundu wakingojea kivuko kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, hawezi kuidharau lami wala daraja. Lakini iko njia nyingine iliyo kongwe kuliko hizo zote, ambayo kila alfajiri inapitwa na mkulima aendaye shambani, mvuvi aendaye bandarini, mtoto aendaye shule na mama mjamzito aendaye kliniki. Njia hiyo haina fungu katika makadirio ya halmashauri, haina kibao, na katika vitabu vya serikali ni kama haipo. Ndiyo njia ya miguu.

Jambo lililotufanya tushike kalamu leo ni hili. Mataifa mengine, tajiri na maskini, yamejipatia njia moja ndefu ya miguu, na yameitunza kama yanavyotunza reli. Marekani, fikra ya njia ya milima ya Appalachia iliandikwa mwaka 1921 na ofisa mmoja wa misitu aitwaye Benton MacKaye. Kufikia mwaka 1937 ilikuwa imekamilika, na leo ina urefu upatao kilomita 3,500. New Zealand ina njia iitwayo Te Araroa, yapata kilomita 3,000, inayoanzia ncha ya kaskazini ya visiwa vile na kuishia ncha ya kusini. Hiyo ilifunguliwa mwaka 2011, na wasomaji watatusamehe tukiongeza kwa furaha kidogo kwamba aliyeanza kuipigia debe, mwaka 1994, alikuwa mwandishi wa gazeti, Geoff Chapple. Jirani zetu wa Rwanda nao wanayo yao, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, toka Rubavu hadi Rusizi.

Lakini mfano unaotufaa zaidi watoka Bhutan, ufalme mdogo wa milimani baina ya India na China. Huko palikuwa na njia ya kale iliyokuwa ikipitwa na mahujaji na matarishi wa serikali, toka Haa upande wa magharibi hadi Trashigang upande wa mashariki. Barabara ya magari ilipoanza kujengwa katika miaka ya 1960, njia ile ikatupwa. Ngazi zake za mawe zikaporomoka, madaraja yake yakaoza, na miti ikamea katikati yake. Watu wa kule waliona hasara hiyo wakati wazee waliokuwa wakiijua wangali hai, wakaifufua hatua kwa hatua, na mwezi Septemba 2022 ikafunguliwa tena rasmi, kilomita 403. Hawakuifunga barabara ya magari. Walichofanya ni kukataa kwamba kuja kwa gari kuwe ndiyo sababu ya kufa kwa njia ya mtu.

Tunajua kwamba wako watakaocheka. Watauliza: mtu mwenye akili timamu, mwenye nauli mfukoni, atembee kilomita mia kadhaa kwa hiari yake anatafuta nini? Swali hilo tunaliheshimu, hasa likiulizwa na mwanakijiji ambaye maisha yake yote ametembea kwa sababu hakuwa na hiari. Ila likiulizwa na msomi aliyeko ofisini, tutamwomba kwanza asome habari za nchi yake, maana nchi hii kabla ya kupimwa kwa gari ilipimwa kwa miguu, na waliofanya kazi hiyo wengi wao hawana hata jiwe la kuwakumbuka.

Toka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya maelfu ya watu iliikata njia hiyo kila mwaka, Wanyamwezi wakiwa ndio mabingwa wa kazi, kila mpagazi akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Si wote waliokuwa wapagazi wa ujira. Wengine walifungwa minyororo. Waswahili wenyewe waliandika habari za safari hizo: Selemani bin Mwenye Chande aliisimulia safari yake ya bara, na maneno yake yakachapwa Ujerumani mwaka 1901 katika kitabu kilichokusanywa na Carl Velten. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia hiyo ya kati katika orodha ya awali ya mahali panapoombewa kuwa urithi wa dunia, pakitajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vituo sita vimetajwa. Bali njia yenyewe inayoviunganisha, ile ardhi iliyokanyagwa, nani anayeilinda?

Hata safari zilizoandikwa kwa majina ya wageni zilikuwa safari za watu wetu. David Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mwezi Mei 1873, watumishi wake wakiongozwa na Chuma na Susi walimkausha, wakamfunga, wakambeba hadi Bagamoyo. Waliwasili Februari 1874, baada ya mwendo wa maili zipatazo elfu moja, katika nchi zilizokuwa na njaa na maradhi na wakuu wasiotaka maiti ipite kwao. Maiti ikazikwa London kwa heshima zote. Chuma na Susi hawakuwapo kaburini. Chuma huyohuyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara uliotoka Dar es Salaam mwaka 1879 kuelekea Ziwa Nyasa ukipitia bara ya Rufiji. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alifia Behobeho, na kijana Joseph Thomson akabaki na jina la mkuu. Aliyezijua njia na kuwatuliza wapagazi alikuwa Chuma.

Na hapa kwetu? Mwaka 1905 watu wa Rufiji, wa Umatumbi na wa Kichi walitembea kwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kupokea maji. Walitoka vijijini kwa makundi, wanaume kwa wanawake, wakapita njia za vichaka ambazo akida wa Kijerumani hakuzijua. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikaendelea bila yeye, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Gavana aliyeamuru mashamba na maghala yachomwe, von Götzen, alikuwa mtu aliyesifiwa kwao kwa kulivuka bara la Afrika toka Pangani mwaka 1893 hadi bahari ya magharibi mwaka 1894. Alilivuka kwa mabega ya wapagazi. Miaka kumi na moja baadaye watu wa mabega yale walipotembea kwa hiari yao wenyewe, safari yao aliiita uasi.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, miguu ikaitwa tena. Waingereza walikusanya wapagazi kwa makumi ya maelfu katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza liligeuka ulimini mwa watu likawa Kariakoo. Ndilo jina la soko la Dar es Salaam hadi leo. Mwanzoni mwa mwaka 1917 majeshi yalifika Rufiji, mvua kubwa zikashuka, mto ukafurika, na wapagazi wakafa kwa kuhara na homa na njaa katika mabonde haya haya tunayolima mpunga. Askari wana makaburi yao yaliyosakafiwa. Wapagazi waliachwa njiani.

Baada ya Uhuru kutembea kulipata maana nyingine. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari 1967, vijana wa sehemu mbalimbali walitembea mamia ya kilomita kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alifariki njiani katika matembezi hayo. Mwezi Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea toka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya siasa ya wakati ule, na wengi wanayo. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba kuivuka nchi kwa miguu ni jambo la kigeni lililoletwa na watalii.

Tumesema mengi juu ya zamani. Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wa Rufiji wanalijua kuliko mtu mwingine yeyote katika Tanzania, nalo ni mwendo wa kwenda shamba.

Kabla ya mwaka 1968 watu wengi wa bonde walikaa humo humo bondeni, wakijenga juu ya vilima vidogo na wakitumia madungu wakati wa gharika. Mto ulipofurika uliwaachia rutuba, na maji yalipopungua walipanda mlau. Yalipokuja mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliamua kuwahamisha, na Operesheni Rufiji ikawapandisha nyanda za juu kwenye vijiji vipya. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji ya kisima, na usalama wa gharika. Lakini mashamba hayakuhama pamoja na watu. Ardhi iliyo nene ilibaki bondeni, na huko juu palikuwa mchanga. Ndipo Mrufiji akaanza safari ambayo haijakwisha hadi leo: kijiji kiko huku, chakula kiko kule, na katikati pana mwendo wa saa kadhaa na mto wa kuvuka kwa mtumbwi. Wengi waliamua kukaa dunguni miezi mizima ya kilimo wakiwinga ndege, nguruwe na viboko, watoto wakikosa masomo au wakibaki kijijini na bibi zao.

Mwendo huo una gharama yake. Baina ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika wilaya ya Rufiji, wengine wakiwa mashambani na wengine wakiwa njiani. Hapana barabara ya lami ambayo ingewakinga watu wale, kwa kuwa hawakuwa wakienda mahali ambapo lami inakwenda. Kilichohitajika ni njia iliyofyekwa pande zote mbili, yenye upana wa kumwezesha mtu kuona mbele, na inayopitwa na wengi kwa pamoja. Njia iliyoachwa ikasongwa na vichaka haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe mnyama huifanya yake.

Wala si mnyama peke yake. Mwaka 2017, mauaji yalipozitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, njia za vichakani zilitazamwa na kila mtu kwa hofu, na mwananchi aliyekuwa akienda shambani alfajiri alijikuta anashukiwa na pande zote. Siku hizo zimepita, na tunamshukuru Mungu. Fundisho tulilolipata sisi, pengine tofauti na walilolipata wengine, ni kwamba njia inayojulikana, yenye jina na alama na watu wanaoipita mchana kutwa, ina usalama kuliko ile isiyojulikana ila na wachache.

Tazama sasa hali ilivyo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 60 kwa ajili ya barabara kuu, mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba zimewekewa alama ya X kwa sababu ya mita hizo, na mikorosho imekatwa. Katika mita zote hizo, mwenda kwa miguu amepewa ngapi? Nje ya miji midogo kama Kibiti na Ikwiriri, aghalabu hakupewa kitu. Anatembea juu ya ukingo wa lami, basi la Lindi likimpita kwa upepo wa kumwondoa kofia, na usiku anatambaa kwa kubahatisha. Mtoto wa shule wa Mchukwi au Bungu hana haja ya mita 30. Mita mbili za udongo ulioshindiliwa, zilizotengwa na lami kwa mtaro, zingemtosha kabisa. Ardhi ipo, imekwisha kutwaliwa kwa sheria, na imekaa bure ikiota magugu. Tungependa kusikia toka kwa wahusika wa barabara kuu, na vilevile kwa wale wa barabara za vijijini waliopewa chombo chao mwaka 2017, ni kitu gani kinachozuia.

Huko pembeni na barabara hali ni mbaya zaidi. Shamba kubwa likipimwa, njia iliyokuwa ikipita hapo toka enzi za mababu huzungushiwa waya. Mpaka wa hifadhi ukisogezwa, wanakijiji hupata habari kwamba njia yao ni kosa la jinai. Kiwanja kikiuzwa ufukweni, bandari ya mitumbwi hubaki na maji tu, pa kupitia hapana. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inatambua haki ya njia ya umma, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inakipa kijiji uwezo juu ya ardhi yake. Sheria basi haikosekani. Linalokosekana ni mtu wa kuzihesabu njia hizo na kuziandika, ili siku ya kupima shamba afisa ardhi asiweze kusema kwamba hakuziona kwenye ramani.

Hapo ndipo mambo haya mawili yanapokutana, yaani njia ndefu ya kuivuka nchi na njia fupi ya kwenda shamba, na hapo ndipo tunapotoa rai yetu.

Tanzania nayo ijitengenezee njia moja ya miguu ya nchi nzima. Tunajua kwamba wakubwa wakilifikiria jambo hili watataja Bagamoyo na Ujiji, na hatupingi. Njia ya kati inastahili. Lakini twasema kwamba iko ya pili, ya kusini, inayostahili sawa nayo, na isiyotembelewa na mtu. Ianzie baharini hasa, yaani ianzie Mafia. Njia ya taifa inayoanzia ufukweni mwa bara imewasahau watu wa visiwani kabla haijapiga hatua ya kwanza. Msafiri aanze kwenye mnara wa taa wa Ras Mkumbi, ashuke kisiwa chote hadi Kilindoni, avuke bahari kwa chombo hadi Nyamisati, apande Bungu, apite Mchukwi na Kibiti, ashuke Ikwiriri, avuke mto darajani, aende Mohoro aone mahali aliponyongewa Kinjikitile, kisha Ngarambe. Toka hapo njia ielekee Umatumbi na Liwale, iende Songea ambako mashujaa wa vita vile vile walinyongwa mwaka 1906, na iishie Mbamba Bay kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Toka maji ya chumvi hadi maji matamu, na katikati habari ya Majimaji nzima.

Watu wa delta watauliza: na sisi? Swali ni la haki. Njia ya Mbwera, ya Salale, ya Kiongoroni na ya Msala ni mto, na atembeaye huko hutembea kwa upondo. Mikoko ya delta ya Rufiji ni mikubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na tangu mwaka 2004 delta pamoja na Mafia na Kilwa imo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu. Tawi moja la njia liende huko kwa mtumbwi, na vipande vya nchi kavu baina ya kijito na kijito viwekewe magogo ya kukanyagia, maana akina mama wa huko bado wanavuka matope hadi magotini, ndoo kichwani, wakati maji yametoka.

Wenye hazina watasema hakuna fedha. Tungewaomba wasiharakishe. Njia ya miguu haihitaji kifusi cha Lugoba wala mkandarasi wa kigeni. Inataka mapanga, majembe, nguzo, rangi ya alama kwenye miti na mawe, vibao vyenye majina ya vijiji na masaa ya mwendo, na mitumbwi imara kwenye vivuko. Huko Marekani na New Zealand sehemu kubwa ya kazi ya matunzo hufanywa na watu wa kujitolea. Sisi tulioanzisha msaragambo kabla ya wao kusikia jina lake hatuwezi kusema kwamba jambo hilo limetushinda. Mwenge wa Uhuru hupita kila mwaka katika kila wilaya. Siku moja tu ya watu wanaokusanyika kuulaki ingetosha kufyeka kipande cha njia cha kijiji hicho.

Zaidi ya gharama, tunaogopa tamaa. Msafiri wa miguu hana mfuko mnene kama yule wa ndege ndogo iendayo hifadhini, lakini anacho anacholipa, na analipa kila siku, katika kila kijiji: wali na samaki, mahali pa kulala, mkeka, nauli ya mtumbwi, kiongozi wa kumvusha pori. Fedha hiyo huingia moja kwa moja mkononi mwa mama anayepika. Ikifika siku ambapo halmashauri imeweka ushuru wake, kijiji kimeweka wake, wizara imeweka wake, na wakala toka mjini ameweka mkono wake juu ya yote, msafiri atapanda basi na mama atabaki na sufuria yake. Tujifunze vilevile kwa wapagazi wa Kilimanjaro, waliohangaika miaka mingi juu ya ujira na mizigo hadi kikomo cha kilo 20 kikawekwa. Kikomo hicho, na ujira wa siku ulioandikwa, viwepo huku kabla ya msafiri wa kwanza kufika. Wajukuu wa wapagazi wa mwaka 1917 wasibebeshwe tena frasila mbili.

Wa hifadhi nao wana haki ya kusikilizwa. Nchi ya magharibi ya Ngarambe ina tembo, nyati na simba, na toka mwaka 2019 sehemu kubwa yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hakuna anayeomba raia wapitishwe humo mikono mitupu. Ndiyo maana tumependekeza njia izunguke upande wa kusini. Na majira yazingatiwe: asitembee mtu bondeni toka Machi hadi Mei. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliwang'oa watu wa Rufiji na Kibiti majumbani mwao, na mwezi Mei kimbunga Hidaya kikaleta mvua zilizoikata barabara kuu kule Somanga, magari yakakwama kwa siku. Siku kama hizo ndizo zinazodhihirisha thamani ya mtu anayejua ni kilima kipi hakifunikwi na maji na ni njia ipi ya nyuma inayofika hospitalini. Elimu hiyo haimo katika simu yoyote. Imo katika vichwa vya wazee, na wazee wanapungua.

Kwa hiyo hatuombi kamati ya taifa, wala hatuombi mtaalamu wa kuja kutuandikia ripoti. Waheshimiwa madiwani wa Mafia, Kibiti na Rufiji wanaweza kuanza kwa jambo dogo lisilosubiri kibali cha mtu. Kila kijiji kina mikutano mikuu yake. Katika mkutano ujao, kabla mvua za masika hazijaanza, iwekwe ajenda moja: majina ya njia za kijiji hiki, zinatoka wapi, zinakwenda wapi, zinavuka mto gani, na nani amezifunga. Majina yaandikwe kama yanavyoitwa na watu, yasibadilishwe kwa lugha ya ofisini. Njia iliyofungwa kwa waya iandikwe pamoja na mwaka iliofungwa. Mzee anayezijua apewe karani na daftari, na karani aende naye kwa miguu.